KUWAPOKEA WENYE MISAFARA

 

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu tukitajiwa mali ya haramu akili zetu hukimbilia mambo matatu: riba, wizi na kamari. Mtu akiwa hakukopesha kwa riba, wala hakuvunja duka la mtu, wala hakukaa na wacheza karata, hujiona mali yake ni safi kama maji ya mvua. Lakini liko jambo la nne, nalo limeenea katika biashara zetu hata limekuwa halina jina. Au likipewa jina, huitwa ujanja, na mwenye kulifanya husifiwa kuwa ni mtu mwenye macho. Jambo lenyewe ni mtu kujua khabari ya bei ambayo mwenziwe haijui, na khabari hiyo asiipate kwa juhudi yake, bali kwa amana aliyowekewa au kwa kumkatia mwenziwe njia. Kisha akanunua kwake, au akamwuzia, kwa ule ujinga wake.

Serikali za zama hizi zimelijua jambo hili, zikaliwekea kanuni na faini na kifungo, lakini zimelifunga ndani ya masoko ya hisa. Mafakihi wetu walilijua kabla ya kuwako hisa duniani, na hawakulianzia katika majumba ya matajiri. Walilianzia njiani, kwa ngamia waliobeba nafaka.

Naandika haya nikiwa Mutomo, katika upande wa kusini wa Kitui. Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akauliza, Mutomo kuna nini hata ituhusu sisi watu wa Pwani? Namjibu: tazama chungu chako. Zile pojo unazozila kwa chapati, ambazo watu wa huku huziita ndengu, nyingi zatoka katika mashamba ya nchi hii kavu. Hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, na huvunwa mwezi wa Januari na Februari. Na katika watu wanaokuja kuzinunua wamo ndugu zetu wa dini, wenye tasbihi mikononi na misikiti migongoni mwao. Ndiyo sababu nikaona afadhali nieleze hukumu hii kwa ukamilifu, kuliko kuinong'oneza kwa mmoja mmoja.

Imepokewa kwa njia sahihi, kwa Abu Huraira na Ibn Abbas na wengineo (r.a.), ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwatokea wenye misafara njiani na kununua vitu vyao kabla hawajafika sokoni. Na katika mapokezi ya Abu Huraira aliyoyatoa Imam Muslim umezidi ufafanuzi: mwenye mali aliyepokewa njiani, akifika sokoni, ana khiyari, akitaka huipitisha ile biashara, na akitaka huivunja.

Zingatia hapo, ewe msomaji. Mnunuzi hakuiba, wala hakupunja mizani. Huenda hata hakusema uongo, kwani hakuulizwa. Walikutana watu wazima wawili, wakapatana bei, wakapeana mikono. Na juu ya hayo sharia imempa muuzaji haki ya kurudi nyuma, haki ambayo haimpi kila aliyeuza akajuta. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi alitoka mjini akiwa ameibeba bei ya mji kifuani mwake, akaenda kumkabili mtu ambaye hakuwa na njia ya kuijua mpaka afike. Angalimwacha atembee saa moja zaidi, angaliijua. Ile saa moja ndiyo aliyoila.

Wenzetu wa Kishafii, na sisi watu wa Pwani ndio madhehebu yetu, wamesema kuwa kufanya hivyo ni haramu kwa anayejua katazo, na biashara yenyewe inasihi, ila muuzaji ana khiyari akijua kuwa amepunjwa. Akifika sokoni akakuta bei ni ile ile aliyouzia au ni chini yake, hana khiyari, kwa kuwa hakudhurika. Wakauliza: je, mtu aliyetoka mjini kwa haja nyingine, kama kuwinda, akakutana na msafara kwa nasibu tu, akanunua? Kauli iliyo na nguvu ni kuwa huyo naye ni kama aliyekusudia, kwa sababu dhara ni ile ile. Mahanafi wao waliona kuwa linachukiza pale linapowadhuru watu wa mji au pale mnunuzi anapomficha muuzaji bei. Mabishano yao ni marefu, na mwenye kuyataka ayasome kwa walimu. La muhimu kwetu ni ile illa, yaani sababu ya hukumu.

Sasa tuje huku Mutomo. Msafara wa leo ni mama aliyebeba gunia nusu juu ya punda, au kijana aliyelifunga nyuma ya pikipiki. Anatoka upande wa Ikutha au Kanziku, na njia yake imejaa vumbi. Zamani lori halikufika huku ila kwa tabu; leo iko lami kutoka Kibwezi mpaka Mutomo mpaka Kitui, na anayetoka Mombasa alfajiri huwahi adhuhuri yake hapa. Barabara ni neema kubwa, na hakuna anayeilaumu. Lakini barabara imeleta na jambo hili: wanunuzi hawakai tena sokoni kungoja. Huweka vijana wao kwenye njia panda, maili nyingi nje ya mji, pamoja na mizani na pesa taslimu, wakamkuta mkulima kabla hajakutana na mnunuzi wa pili. Humwambia kuwa pojo zimeshuka, na gari linaondoka sasa hivi, akitaka auze, asipotaka arudi nazo nyumbani. Naye ana karo ya mtoto mfukoni haipo. Huuza.

Hili si geni kwa watu wetu. Wakamba walikuwa wakiteremka Pwani na pembe za ndovu tangu zamani, na katika karne ya 19 habari za misafara ya Kivui Mwenda wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, zilijulikana mpaka Mombasa. Na kila msafara ulipokaribia mji walikuwako watu wa kati waliousubiri nje, wakitaka wao tu ndio wajue bei ya bandarini. Wazee wetu wengi walilalamika juu ya watu hao wa kati. Leo sisi wenyewe ndio tunaopanda bara kuwapokea wenye mizigo, tena kwa magari.

Mtu ataniambia: Sheikh, leo kila mkulima ana simu. Najibu kuwa ikiwa kweli mkulima ameijua bei ya soko kwa simu yake au kwa redio, kisha akauza njiani kwa hiari yake ili kujipunguzia safari, basi illa imeondoka na hukumu imeondoka nayo, na hakuna lawama. Sharia haikuharimisha njia panda. Lakini kuwa na simu si kuijua bei. Simu humwambia mtu lile analoambiwa na aliyempigia, na mara nyingi aliyempigia ni yule yule mwenye mizani.

Mwingine, tena huyu ni mtu aliyesoma kidogo, ataleta hoja nzito zaidi. Atasema kuwa ujuzi ndio mtaji wa mfanyabiashara. Mafakihi wenyewe wametaja mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari, wakasema hana khiyari, kwa kuwa alijipumbaza mwenyewe. Vipi basi mwenye kujua abebeshwe dhambi ya asiyejua?

Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu yake. Aliyekaa miaka ishirini akijifunza kutambua mbegu nzuri, au aliyesafiri mpaka Wajir kutazama hali ya mvua, au aliyekesha akipiga hesabu, huyo faida yake ni ujira wa taabu yake, wala halazimiki kumfundisha kila mtu elimu yake sokoni. Na yule wa kioo alikuwa na njia ya kuuliza, akaiacha. Lakini aliyepokewa njiani njia ya kuuliza alikatiwa. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti iliyo wazi kwa asiyetaka kujificha. Na juu ya mpaka wa haramu kuna daraja ya wema. Jarir bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi kwa mia tatu, akamwendea mwenye farasi akamwambia kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anampandishia bei mwenyewe mpaka ikafika mia saba au mia nane, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Simlazimishi mtu kufika daraja hiyo. Nataka tu asijidanganye kuwa haiko.

Tena kuna mlango ulio mbaya kuliko wa njia panda, nao ni wa khiyana ya amana. Hapa ndipo kanuni za serikali zinapoingia, na yafaa Mwislamu azijue, kwa kuwa wengi wetu leo ni wenye hisa. Hisa za Safaricom zilipouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5, mamia ya maelfu ya Wakenya walizinunua, na wengi wao hawakuwahi kuiona hata karatasi ya hisa kabla ya siku hiyo. Mwenye hisa mia ni mshirika kama mwenye hisa milioni. Na washirika hawa hawakai pamoja. Huuziana katika Soko la Hisa la Nairobi bila kuonana uso kwa uso.

Basi fikiri kampuni ina mkuu wake wa hesabu. Yeye anajua leo kuwa kampuni imefilisika, na watu watajua wiki ijayo. Akiziuza hisa zake leo, zitanunuliwa na nani? Na mjane wa Malindi, au na mwalimu wa Voi, ambaye amenunua maiti akidhani yu hai. Kanuni ya Masoko ya Mitaji ya Kenya, iliyotungwa 1989 na kuzidishwa makali mwaka 2013, inaliita hilo kosa la jinai. Khabari ya ndani, kwa mujibu wake, ni khabari inayohusu hisa fulani au kampuni iliyozitoa, ambayo haijatangazwa kwa watu, na ambayo lau ingetangazwa ingeweza kuigeuza bei kwa kiasi kikubwa. Mwenye khabari hiyo amekatazwa mambo matatu: kununua au kuuza kwayo; kumshawishi mwingine anunue au auze; na kuitoa kwa mtu nje ya wajibu wa kazi yake. Wala hakukatazwa mkuu wa kampuni peke yake, bali na yule aliyepewa siri naye akajua imetoka ndani.

Na adhabu yake, kwa mtu mmoja katika kosa la kwanza, ni faini isiyozidi shilingi milioni mbili na nusu, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na juu ya hayo hulipa mara mbili ya faida aliyoipata au ya hasara aliyoikwepa. Angalia hilo neno la mwisho. Aliyekimbia hasara kwa siri amehesabiwa sawa na aliyepata faida, kwa sababu hasara haikupotea. Aliitwika juu ya mtu mwingine.

Dunia ilichelewa kuliona jambo hili. Marekani ilitunga kanuni yake ya masoko ya hisa mwaka 1934, baada ya maanguko makubwa ya 1929. Uingereza, pamoja na ukongwe wa soko lake, haikuifanya biashara hii kuwa jinai mpaka 1980. Tanzania iliweka kanuni yake ya masoko ya mitaji mwaka 1994.

Na kutunga si kutekeleza. Mwaka 2006 maduka ya Uchumi yalifungwa ghafula na hisa zake zikasimamishwa sokoni, na hazikurudi kuuzwa mpaka mwaka 2011. Watu walishitakiwa kwa hisa zilizouzwa kabla ya kufungwa huko, na mashitaka hayakumtia mtu hatiani. Mwezi wa Oktoba 2018, kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa. Na katika siku zilizotangulia tangazo hilo hisa za KenolKobil zilikuwa zimenunuliwa kwa wingi usio wa kawaida. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilianza uchunguzi na kuzuia baadhi ya akaunti. Simhukumu mtu yeyote hapa. Mahakama zina kazi yao, nami nina yangu. Nasema tu kuwa jambo hili ni gumu kuthibitisha, kwa sababu ushahidi wake ni neno lililosemwa masikioni. Huko Marekani, Raj Rajaratnam alihukumiwa mwaka 2011 kifungo cha miaka 11 kwa kuwa serikali ilikuwa imezirekodi simu zake. Si kila siku kuna mwenye kusikiliza, isipokuwa Mmoja.

Kwa hivyo kanuni imejaribu kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Kampuni ikiona faida yake ya mwaka itapungua kwa robo au zaidi, imelazimishwa kutangaza mapema, ili mdogo na mkubwa wajue kwa wakati mmoja. Wakuu wa kampuni huzuiwa kununua na kuuza hisa zake katika siku zinazotangulia kutolewa hesabu. Mambo haya ni mazuri, na mwenye kuyasoma kwa insafu ataona yanafuata njia ile ile ya katazo la misafara: mwache mwenye mali afike sokoni, aijue bei, kisha mpatane.

Lakini sharia imeingia ndani zaidi, nayo imeuliza: ulijua kwa sababu gani? Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akizitenga mbali zile alizodai kuwa ni zawadi zake. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasimama juu ya mimbari akauliza kama mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hizo zingalimjia? Mizani hiyo ni fupi na haina kosa. Wewe karani wa benki, wewe mhasibu, wewe mtumishi wa kaunti uliyeiona ramani ya barabara mpya kabla ya wenye mashamba: lau ungalikaa kwa mama yako, khabari hii ingalikujia? Kama jibu ni la, basi khabari hiyo si yako, ni ya waliokuajiri au ya umma, nawe umewekewa tu.

Na Imam Malik ametaja katika Muwatta' kisa cha Abdullahi na Ubaydullahi, wana wa Sayyidna Umar (r.a.). Walikuwa wakirejea kutoka Iraq pamoja na jeshi, wakapita kwa Abu Musa al-Ash'ari, naye ni mkuu wa Basra. Akawakopesha mali ya umma iliyokuwa ikipelekwa Madina, wakanunua bidhaa za Iraq, wakauza Madina wakapata faida, wakataka kurudisha rasilmali peke yake. Umar aliwauliza kama kila askari alikopeshwa namna hiyo. Walipokubali kuwa la, akawaamuru watoe mali na faida pia. Ubaydullahi alijibu kwa hoja ya kibiashara, kuwa lau mali ingalipotea wao ndio wangalilipa. Mwisho akashauriwa aifanye ile mali kuwa ya qiradhi, akachukua rasilmali na nusu ya faida. Hawakuwa wezi wale vijana, na mali waliirudisha. Kosa lilikuwa ni mlango waliofunguliwa kwa sababu ya baba yao, mlango ambao askari wengine hawakuuona hata upenyo wake.

Nalitaja hili kwa sababu ya baraza zetu. Sisi watu wa Pwani, siri haikai kwetu. Kijana anarudi kutoka afisini magharibi, anakaa na ami zake kwenye kahawa, na kabla ya isha mtaa mzima umejua ni shamba gani litapitiwa na reli na ni kampuni gani itauzwa. Huona amewafanyia jamaa zake ihsani. Hakuwafanyia; amewalisha kitu cha watu, na amekivunja kiapo cha kazi yake.

Mfanyabiashara mmoja wa Pwani alinijia hapa Mutomo kwa swali la namna hiyo. Mwana wa ndugu yake anafanya kazi Mombasa katika kampuni inayokusanya nafaka. Usiku mmoja alimpigia simu kuwa kesho asubuhi kampuni itapandisha bei ya kununulia pojo. Ami mtu hakulala. Alifika alfajiri, akawashika wakulima njiani, akanunua kwa bei ya jana, na kufikia alasiri alikuwa ameshaiuzia kampuni ile ile kwa bei mpya. Aliuliza: je, hii si riziki?

Nilimjibu kuwa mambo mawili yamekutana. Khiyana ya kijana ni yake, na ami ni mshirika wake ndani yake kwa kuwa aliijua ilikotoka. Na kule kuwapokea wakulima ni dhambi ya pili, wala haingojei ya kwanza. Tena ajabu yake ni kuwa kanuni ya serikali haimgusi mkulima huyu hata kidogo: pojo si hisa, na njia panda si Soko la Hisa. Mwenye hisa wa Nairobi ana mamlaka ya kumlinda, mama mwenye punda hana ila katazo la Mtume (s.a.w.) na dini ya anayemkuta.

Akauliza afanye nini, na mali imeshauzwa. Nilimwambia: kwa kauli ya madhehebu yetu biashara ile ilisihi, kwa hivyo sikuiti wewe mnyang'anyi. Lakini wauzaji walikuwa na khiyari, nawe umewafichia hata kuwa wanayo. Toba ya jambo linalohusu haki za watu haitimii kwa istighfari peke yake. Waendee, uwaambie bei ilivyokuwa siku ile, uwape tofauti au mpatane kwa radhi zao. Atakayesamehe baada ya kujua, ni hiari yake. Kusamehe kabla ya kujua si kusamehe. Na kijana wako amwendee mkuu wake wa kazi, amwambie, hata ikiwa itamgharimu. Hilo la pili lilimwuma kuliko la kwanza, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa wakulima ni wengi na wametawanyika, atawapata wapi? Nikamwuliza kama alipima kwa mizani au kwa gorogoro. Akasema kwa mizani, na kila mzigo ameuandika katika daftari, jina la mwenyewe na kijiji chake.